Ubaridi wa Baba Haukuanzia Nyumbani

Ndugu mwandishi ameandika kwamba wazazi vijana wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, hawako karibu na watoto wao kwa kuwa wao wenyewe walilelewa kwa ubaridi, na ubaridi hurithiwa. Napinga. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewatembelea mama na wachanga wao Buganda mwaka 1954 na 1955, aliona kuwa mtoto hutulia kwa mama anayezielewa ishara zake na kumwitikia. Kuitikia kunataka nafasi na moyo uliotulia. Utulivu huo Kolwezi uliondolewa na nani? Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa mshahara, unga, shule na hospitali. Ilipoporomoka miaka ya 1990, wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila malipo. Kisha mwaka 2003 na 2004 zaidi ya 10,000 waliondoshwa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baba akarudi mikono mitupu, amenyamaza. Watoto wakaingia mashimoni kuchimba madini. Tafiti za malezi zasema mazoea ya mzazi humfikia mtoto kwa sehemu tu, wala si hukumu. Watoto wangapi wa Kolwezi walishikwa mkono na nyanya, shangazi au jirani wa kambi ya wafanyakazi, na leo ni wazazi wapole? Mwandishi hakumtaja hata mmoja.