Upepo wa Turkana na karatasi ya ardhi

Huku kwetu Lwiro tukisema umeme tunafikiri mto Ruzizi. Vijana lakini wananiuliza juu ya upepo: kampuni ya namna hiyo inaanzaje? Mfano mkubwa uko Kenya, karibu na Ziwa Turkana.

Lake Turkana Wind Power ilianza katikati ya miaka ya 2000, kwa wazo la Waholanzi wachache walioujua upepo wa Loiyangalani. Upepo ulikuwapo. Kilichokosekana ni karibu kila kitu kingine. Kenya Power ilikubali kununua umeme kwa miaka 20, lakini mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa, ikiogopa kwamba Kenya ingelipia umeme isioutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikabaki, fedha zikapatikana. Barabara ya kilometa zaidi ya 200 ilitengenezwa kwanza ili vyuma vifike. Mitambo ni 365, kila mmoja kilowati 850; jumla megawati 310, yaani kama mara kumi ya bwawa la Ruzizi ya kwanza.

Hofu ile ya benki haikuwa ya bure. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari, ila laini ya kufika Suswa, zaidi ya kilometa 400, ilikuwa kazi ya serikali, nayo ilichelewa hadi Septemba 2018. Mapanga yalisimama, na Kenya ikalipa mabilioni ya shilingi kama mkataba ulivyosema.

Jambo linalonigusa zaidi ni ardhi. Kampuni ilipewa eka 150,000, malisho ya wafugaji, kupitia halmashauri ya wilaya. Wenyeji walienda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati zile hazikufuata sheria. Miaka saba ya kungoja! Nabothi hakupata hata hiyo.

Sisi wa Kabare habari hii si ngeni. Tangu wakati wa Wabelgiji milima yetu iligawanywa kwa ajili ya chai, kahawa na kwinini, na mpaka leo jamaa zinagombana juu ya mipaka. Kwa hiyo akija mtu wa umeme, wa upepo ama wa maji, wazee wa kanisa wasianze na bei. Wamuulize: karatasi ya ardhi ilitiwa sahihi na nani, na mama anayelima pale alikuwako siku hiyo?