Kompyuta za kwanza za Lubumbashi zisiishie kwenye mizani ya chuma chakavu

Ukifungua stoo ya nyumba ya zamani huko Karavia, usishangae kukuta kompyuta iliyosahaulika: kioo kinene kama cha televisheni, kibodi iliyogeuka njano na boksi la disketi lililojaa vumbi. Mwenye nyumba huiona takataka. Ni sehemu ya historia ya Lubumbashi, na hadi sasa hakuna anayeonekana kuwa na haraka ya kuiokoa.

Kompyuta za nyumbani zilienea Ulaya na Marekani miaka ya 1980. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilichomekwa kwenye televisheni ya kawaida na kusoma programu kutoka kwenye kaseti. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuenea humo. Katika miaka hiyo Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Shaba ya Katanga ilikwenda kwa wingi ng'ambo, lakini mashine zilizohitaji madini hayo zilirudi kwa familia chache sana.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka uliofuata ukaja uporaji, na kufikia 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka huo huo Commodore yenyewe ilifilisika. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Zaire haikuhitaji amri ya namna hiyo. Mshahara usiotosha unga wa bukari hauwezi kununua kompyuta.

Ndiyo maana kumbukumbu za kizazi hicho hazifanani na za watoto wa Ulaya. Hapa kompyuta moja ilikuwa ya jirani wote. Ilifunikwa kitambaa kama kitu cha sebuleni cha heshima, mkubwa mmoja akibonyeza na watoto wakichungulia nyuma ya bega lake, mikono mgongoni. Umeme ukikatika, kurasa ambazo hazijahifadhiwa zilipotea, na kazi ikaanza upya.

Mji huu unajua kutunza mambo kama hayo. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 ukihusisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikusanya simulizi za wakazi wa kawaida na vitu vya nyumbani mwao. Chuo na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi vinaweza kufanya hivyo kwa kompyuta pia.

Wapo watakaosema kwamba mji wenye shida ya maji na umeme hauna nafasi ya makumbusho ya mashine mbovu. Wana hoja. Lakini kinachohitajika si jengo jipya: ni kabati kavu, kifaa kinachosoma disketi, na mwanafunzi wa kurekodi maelezo ya mwenye mashine. Disketi ndizo zianze, kwa sababu sumaku yake hufifia na unyevu wa masika huotesha ukungu. Humo huenda zimo barua, hesabu za maduka na tasnifu ambazo hazina nakala nyingine.

Mnunuzi wa chuma chakavu haulizi kilichomo. Hukata waya kwanza na kupima shaba peke yake, kwa sababu ndiyo yenye bei.