Kivuli cha Mtoto ni Amana



Mtoto mwenye ualbino ana upungufu wa ile rangi ya ngozi inayokinga jua, nasi wa Kanazi tuko karibu na Ikweta. Jua linalomuunguza leo anapogeuza kahawa mkekani ndilo linaloweza kumletea saratani ya ngozi angali kijana. Hata siku ya mawingu huungua.

Kofia zetu za madrasa hazifuniki masikio, shingo wala uso. Basi tumruhusu avae pama juu yake, na mwalimu asimwambie amevunja sare. Avae mikono mirefu. Kazi za nje azifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa Moshi kwa ajili ya ngozi hii. Tuyaulizie kliniki, lakini hayachukui nafasi ya nguo. Akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, apelekwe hospitali mapema.

Asiyemfunga ngamia wake asiseme ametawakali. Wazazi, tuanze na pama.