Kikokotoo Hakijui "Wote" na "Baadhi"

Mwaka wa shule unapokaribia, wazazi wa mji wetu wa Gitega hupokea orodha za vifaa ambavyo watoto wanatakiwa kwenda navyo darasani. Katika baadhi ya orodha hizo tumekuta, baina ya madaftari na rula, kikokotoo cha grafu kimetajwa kana kwamba ni kipande cha sabuni. Walimu wenzetu wa hisabati wamegawanyika: wako wanaokisifu na wako wanaokilaani. Sisi walimu wa Kiswahili tumenyamaza, tukidhani kuwa huo ni ugomvi wa nyumba ya jirani. Tunasema wazi kwamba kunyamaza huko ni kosa, tena ni kosa letu kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kwanza tuondoe dhana ya kwamba kifaa hiki ni kipya. Kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kikokotoo cha kwanza cha kuchora grafu mwaka 1985, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo huenda ana mtoto wa sekondari. Texas Instruments ya Marekani ilifuata mwaka 1990. TI-84 Plus yao, iliyotoka mwaka 2004, imeendelea kuuzwa huko kwao kwa dola mia moja na zaidi, ingawa vyombo vingine vya umeme vimeshuka bei mara nyingi tangu wakati huo. Mwalimu mwenye stashahada kama sisi akiuweka kando mshahara wake wa mwezi mzima, asile wala asilipe kodi ya nyumba, bado hakipati. Mama anayeuza ndizi sokoni atakipataje?

Tukiuliza kwa nini kimeandikwa katika orodha, tunajibiwa: Ufaransa wanakitumia. Ni kweli, wanafunzi wa lisee huko wamekizoea, hata ikabidi mashine zitengenezwe na hali maalumu ya mtihani inayofungia kumbukumbu zake ili mtahiniwa asisome alichokihifadhi. Lakini Ufaransa hiyohiyo imeweka mtihani mpya wa hisabati kwa wanafunzi wa mwaka wa kabla ya ule wa mwisho, wa kuanzia Juni 2026, na katika mtihani huo kikokotoo hakiruhusiwi. Wanaoiga na waige basi mpaka mwisho! Majirani zetu wa karibu nao wamefuata njia yao wenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania kwa miaka mingi lilimkataza mtahiniwa wa kidato cha nne kuingia na kikokotoo cha aina yoyote katika mtihani wa Hisabati, likamwachia majedwali. Yule wa Hisabati ya Juu, kidato cha sita, huruhusiwa kikokotoo kisichoweza kuwekewa programu. Mashine ya grafu, kwa kuwa inapokea programu, hubaki nje ya mlango.

Hata hivyo hatujiungi na wale wanaodai kwamba mashine inaua akili. Maneno hayo yalisemwa juu ya vitabu vya majedwali ya logi, na wazee waliosoma kwa majedwali hayo hawakufa akili. Shabaha yetu ni nyingine, na tutaieleza kwa kisa kimoja.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, wanafunzi walipewa zoezi la takwimu lenye urefu wa miche minane ya maharage kwa sentimita: 12, 14, 14, 14, 15, 15, 17, 19. Walitakiwa kutafuta mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kandokando ya wastani wake. Wastani ni 15, hilo halina ubishi. Wenye mashine waliingiza namba zile, wakabonyeza, na kioo kikawaonyesha safu ya majibu. Miongoni mwake yalikuwamo mawili yanayofanana kama pacha: moja 2.14, jingine 2. Waliochagua la kwanza wakagombana na waliochagua la pili, na kila upande ukiinua mashine yake kama shahidi. Msahihishaji alikuwa na 2 katika karatasi yake. Waliopata 2 wakapewa alama, na wengine wakakosa.

Alikuwapo msichana asiyekuwa na mashine. Alifanya hesabu kwa mkono: akatoa, akazidisha, akajumlisha, akapata 32. Kisha akagawanya kwa nane, akagawanya tena kwa saba, na chini yake akaandika kwa Kifaransa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Ikiwa miche hii minane ndiyo yote, jibu ni 2, ikiwa ni baadhi tu ya miche ya shamba, jibu ni 2.14." Alipewa sifuri, na pembeni akaandikiwa kwamba achague jibu moja. Alituletea karatasi ile sisi, mwalimu wake wa Kiswahili, kwa sababu alidhani kosa lake lilikuwa katika sentensi. Alitaka kujua kama "ikiwa" yake ilikaa vibaya.

Sentensi ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali, ambalo halikusema kama miche minane ndiyo bustani nzima au ni sehemu iliyochumwa humo. Mashine inayajua majibu yote mawili na haina njia ya kujua ni lipi linalofaa, kwa kuwa haikuiona bustani. Anayetaka kukadiria mtawanyiko wa shamba zima kwa kutazama miche michache hana budi kugawanya kwa saba badala ya nane, kwa sababu wastani alioutumia ameutoa katika miche hiyohiyo, nao umeikaribia mno kuliko wastani wa kweli wa shamba. Tofauti hiyo yote imebebwa na maneno mawili, "wote" na "baadhi". Mtoto wa Kirundi anayo tangu utotoni, bose na bamwe. Anapoingia darasani huvikwa lugha nyingine, akaambiwa population na échantillon, na hilo la kwanza analijua kwa maana ya wakazi wa mji. Mmoja aliwahi kutuuliza, bila mzaha, kama maharage nayo yanahesabiwa katika sensa. Tulicheka, kisha tukaona haya, maana swali lilikuwa la haki.

Na jambo hili haliko katika takwimu peke yake. Mwambie mwanafunzi achore kwa mashine mlinganyo wa y = x² − 40x + 300. Kioo chake kwa kawaida huonyesha kutoka −10 hadi 10 katika kila mhimili, naye ataona karibu utupu mtupu, labda ukucha mdogo katika ukingo wa kulia. Wengi huandika kwamba mlinganyo hauna grafu. Kumbe mchoro ni mkubwa na mzuri, unakata mhimili kwenye 10 na kwenye 30, na unashuka mpaka −100. Ila ulikuwa nje ya dirisha. Mashine ilijibu swali iliyoulizwa. Aliyekosea ni yule aliyesema "hakuna" mahali pa kusema "sioni hapa".

Sasa twende kwa walimu wenzetu wa Kiswahili. Tumezoea kufundisha ngeli, methali, na ufahamu wa hadithi za sungura na fisi, na hakuna ubaya. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba ufahamu hauihusu grafu? Mwalimu wa Muyinga akivuka mpaka wa Kobero akafika Ngara, atakuta mtoto wa shule ya msingi akitamka wastani, jedwali, grafu bila kigugumizi, kwa kuwa Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi. BAKITA ilianza kuchapa vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na kazi ya istilahi haikusimama. Tatizo ni kwamba mtoto huyo wa Ngara, akiingia sekondari, hukutana na Kiingereza mlangoni, kama wetu anavyokutana na Kifaransa, na huo ndio mlango uleule ambamo mashine inamsubiri. Anapewa chombo cha kutoa majibu siku ileile anaponyang'anywa maneno ya kuyapima.

Hata jina la chombo tumeliacha liokotwe na wengine. Sikio la mwalimu wa lugha husikia kokoto ndani ya kokotoa, na calculus ya Kilatini, bibi wa jina la Kifaransa la mashine hii, maana yake ni kijiwe cha kuhesabia. Huo ni utamu wa somo zima la saa moja. Wanafunzi wetu, lakini, husema "mashine" tu. Huko Tanzania neno kikokotoo limekuwa maarufu kwa sababu nyingine kabisa: tangu mgogoro wa mwaka 2018 wafanyakazi wanaposikia kikokotoo hukumbuka kanuni ya mafao ya uzeeni, ile iliyosimamishwa Desemba mwaka huo na kurekebishwa mwaka 2022. Watu wazima wenye kazi na vyeti waliamka wakidai waelezwe hesabu ya fedha zao kwa lugha wanayoielewa. Haikuwa aibu kwao kudai.

Kwa hiyo tunataka kikokotoo cha grafu kiondolewe katika orodha za wazazi. Shule inayokiona ni cha lazima ikinunue yenyewe, hata kimoja, kiwekwe mezani mbele ya wote. Au mwalimu atumie simu yake na programu ya bure kama GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001. Na hakuna namba wala mchoro wa mashine utakaopokewa katika karatasi ya mwanafunzi bila sentensi kamili inayosema namba hiyo ni ya nini na ya nani. Sentensi hiyo tuifundishe sisi.

Tumekubaliana na mwenzetu wa hisabati kujaribu muhula huu, kila Alhamisi, saa yake na saa yetu zikifuatana. Zoezi la kwanza limekwisha andikwa. Mafungu thelathini ya maharage yamepimwa katika soko la Gitega asubuhi moja, na kabla hajagusa kitufe chochote mwanafunzi aandike kama mafungu hayo ndiyo yote au ni baadhi, na amejuaje. Hapo pana alama tano. Kubonyeza kuna alama moja.