Si kila 'take' ni kuchukua

Majuma machache yaliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mama aliyepita umri wa miaka sabini, kwenda kupimwa shinikizo la damu katika kituo kimoja cha afya hapa kwetu Ruiru. Kituo chenyewe sina haja ya kukitaja, kwani kisa nitakachosimulia kingeweza kutokea popote nchini. Muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana mpole, mwenye adabu. Alimpima mama, akakitazama kipimo, akakunja uso. "Cucu, umechukua dawa?" akauliza. "Ndiyo, mwanangu, nimechukua," mama akajibu bila kusita. Muuguzi akatikisa kichwa, akaanza kuandika kwamba dawa alizopewa mgonjwa hazimfai, na kwamba yafaa apewe zenye nguvu zaidi.

Hapo ndipo nilipoona ndani ya kiondo cha mama pakiti ya dawa ambayo haijafunguliwa. Kuzichukua, alikuwa amezichukua kweli. Alizipokea dirishani siku mbili zilizotangulia, akazitia kiondoni, akaenda nazo nyumbani, na sasa alikuwa amerudi nazo. Alidhani kwamba sharti apimwe tena kabla ya kuanza kuzitumia. Nilipomwuliza, "Mama, umezinywa?" alinitazama kwa mshangao. "La, bado. Kwani hilo ndilo nililoulizwa?"

Ndugu msomaji, katika mazungumzo hayo mafupi hakuna aliyesema uongo. Muuguzi aliuliza jambo moja, mama akajibu jingine, na wote wawili walitumia maneno yale yale. Muuguzi alifikiri kwa Kiingereza, lugha aliyosomea kazi yake, kisha akatamka kwa Kiswahili. Kitenzi kilichomponza ni 'take'. Mwingereza akitumia kitenzi hicho kwa dawa, huwa amekwisha kuinywa au kuimeza. Sisi tukichukua dawa tumeipokea tu; safari ya kutoka mkononi hadi tumboni ina kitenzi chake.

'Take' ni mojawapo ya vitenzi vilivyotengewa nafasi kubwa mno katika kamusi kuu ya Oxford. Mwingereza hukitumia kwa chai, kwa picha, kwa basi, kwa kiapo, kwa mtihani, kwa kiti, na hata kwa uhai wa mtu. Akikiambatisha na kijineno 'off', hupata kuvua koti, hupata ndege kupaa, na hupata mtu kuondoka ghafla. Jambo la ajabu ni kwamba kitenzi chenyewe si cha Kiingereza kwa asili. Kililetwa na mabaharia na walowezi wa Skandinavia waliovamia Uingereza karne nyingi zilizopita, nao walisema 'taka'. Kabla yao Waingereza walisema 'niman', neno lililo ndugu wa 'nehmen' la Kijerumani. Mgeni alikaribishwa, akatandaza mkeka, na baada ya muda mwenye nyumba akatoweka. Leo 'niman' hakuna anayelitamka, isipokuwa wanaosomea historia ya lugha hiyo.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Badala ya kukibebesha kitenzi kimoja kazi hizo zote, kila kazi kiliipa mwenyewe. Chai hunywewa. Picha hupigwa. Matatu hupandwa au huabiriwa. Kiapo huliwa. Mtihani hufanywa. Mgeni huambiwa aketi, wala haambiwi achukue kiti, asije akatoka nacho. Koti huvuliwa na ndege hupaa. Pale Mwingereza anapotumia vijineno vinavyofuata kitenzi, sisi hunyambua kitenzi chenyewe, tukapata chukulia, chukuana, chukuliana na chukuza. Sisemi kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine. Nasema ni njia mbili, na anayetaka kuzipita zote kwa wakati mmoja hana budi kujikwaa.

Kitenzi chetu 'chukua' nacho kina historia yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakieleza kwa maana ya kubeba na kuhimili mzigo. Ndiyo maana mbeba mizigo huitwa mchukuzi, na kazi ya kusafirisha watu na bidhaa huitwa uchukuzi. Mwanamke huchukua mimba kwa sababu mimba ni mzigo. Watu waungwana huchukuliana, yaani huvumiliana, kila mmoja akiubeba udhaifu wa mwenzake. Kwa kitendo cha kutia kitu mikononi na kukimiliki, wazee walikuwa pia na 'kutwaa', neno ambalo sasa tumewaachia wachezaji wanaotwaa vikombe na wanajeshi wanaotwaa mamlaka. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naona 'take' imetushushia mzigo wake wote, nasi tumeutwika 'chukua' tukidhani ni usufi.

Muda si mrefu baada ya kisa hicho nilialikwa Thika, na walimu wa shule moja ya sekondari, kuzungumza na wanafunzi wa chama chao cha Kiswahili. Kabla ya mazungumzo niliomba nisome baadhi ya insha zao. Ziliandikwa kwa bidii na kwa hati nzuri. Hata hivyo, katika insha hizo niliona mhusika akichukua matatu hadi Ruiru, mwingine akichukua mtihani wa kidato cha nne, harusi ikichukua mahali kanisani, na mjomba akichukua wageni picha. Katika insha moja kijana aliyekata tamaa alichukua maisha yake, nami ilinibidi nisome sentensi mara mbili ili nijue kwamba amekufa, wala hakuyafungasha maisha hayo na kuhamia mji mwingine.

Kilichonisikitisha si makosa ya watoto, kwa maana kukosea ndiko kujifunza. Kilichonisikitisha ni kalamu nyekundu. Ilikuwa imepita juu ya sentensi hizo zote bila kusimama. Tulipoketi kunywa chai katika chumba cha walimu, mwalimu mmoja wa Kiingereza alitusimulia habari za mvulana aliyeandika kwamba mjomba wake alim-'beat' picha. Darasa zima liliangua kicheko, na mvulana akatahayari. Walimu nao wakacheka. Nami nikauliza: je, aliyeandika kwamba mjomba 'alichukua picha' alichekwa na nani?

Kosa ni moja, ila limegeuzwa tu. Yule wa kwanza alitafsiri 'piga' neno kwa neno, na huyu wa pili alitafsiri 'take' neno kwa neno. Kiswahili kikiingia katika Kiingereza bila kubisha hodi, tunacheka na kukifukuza. Kiingereza kikiingia katika Kiswahili kwa mlango ule ule, tunakivutia kiti. Mwanafunzi si mjinga; haraka sana hujifunza ni lugha ipi yenye sheria na ipi isiyo nazo. Hilo ndilo somo tunalomfundisha kila siku bila kuliandika ubaoni.

Aghalabu nikilitaja jambo hili, wenzangu hukilaumu Kigikuyu. Husema kwamba watoto wa Thika na Ruiru huharibu Kiswahili kwa sababu ya lugha ya mama. Naomba tuwe waadilifu na tuuchunguze ushahidi. Mgikuyu hasemi kwamba amechukua dawa. Husema 'kũnyua ndawa', yaani kunywa dawa. Hachukui picha, husema 'kũhũũra mbica', yaani kupiga picha. Hachukui gari, husema 'kũhaica ngari', yaani kupanda gari. Akisema 'kuoya' dawa, atakuwa ameinua kitu kilichokuwa mezani, kama vile jirani yangu alivyozipokea dawa zake dirishani. Kwa hiyo mtoto ambaye angesikiliza lugha ya nyanya yake angesema Kiswahili sahihi katika mifano hii yote mitatu. Kigikuyu na Kiswahili ni ndugu, na hapa ndugu hawa wanatoa ushahidi mmoja. Mshtakiwa wa haki ni lugha inayofundishiwa karibu masomo yote kuanzia darasa la nne, ambayo haijawahi kuitwa kizimbani.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wanaotaka Kiswahili kifungiwe kabatini. Lugha isiyokopa hudumaa. 'Kuchukua hatua' na 'kuchukua muda' huenda viliwahi kusikika vigeni masikioni mwa wazee, lakini leo vimeshika mizizi, vinaeleweka na kila mtu, na mimi mwenyewe huvitumia. Hapa Ruiru tuna mfano ulio karibu nasi. Mnamo mwaka 1985, mwaka ule ule ulipoanza mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, watafiti wa kituo cha kahawa cha hapa walitoa aina mpya ya mkahawa iitwayo Ruiru 11. Waliichanganya mibuni ya asili mbalimbali ili wapate mmea unaostahimili maradhi yaliyokuwa yakiangamiza matunda. Mchanganyiko haukuwa dhambi, ulikuwa uokoaji. Lakini watafiti hao walijua wanachochanganya, kwa nini wanakichanganya, na wanatafuta sifa gani. Hawakuliacha shamba likamea kila kilichopeperushwa na upepo wakakiita mbegu.

Kipimo ninachopendekeza ni chepesi. Tunapokutana na msemo uliokopwa, tujiulize maswali mawili. Kwanza, je, unajaza pengo, au unamfukuza mwenye nyumba? Pili, je, msikilizaji asiyejua Kiingereza atauelewa kama alivyoukusudia msemaji? 'Kuchukua hatua' kunavuka majaribio yote mawili. 'Kuchukua dawa', kwa maana ya kuinywa, kunaanguka katika yote mawili. Na aliyeangukiwa si mwalimu wala profesa, bali ni mama mzee mwenye shinikizo la damu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hiyo ni heshima kubwa, lakini heshima ya karatasini haimtibu mtu. Muuguzi, afisa wa kilimo na karani wa mahakama husomea kazi zao kwa Kiingereza, kisha huwahudumia wananchi kwa Kiswahili. Kati ya darasa na dirisha la huduma hakuna aliyewaonyesha daraja. Vyuo vinavyowaandaa vingetenga saa chache tu za kuwafundisha namna ya kumwuliza mgonjwa, mkulima na shahidi maswali kwa Kiswahili ambacho hao watakielewa, na hasara nyingi zingeepukwa.

Walimu wenzangu wa Kiswahili nawasihi jambo moja. Juma hili, mwandikieni mwanafunzi ubaoni sentensi kumi za Kiingereza zenye 'take', na mmwambie azitafsiri bila kutumia 'chukua' hata mara moja. Mtashangaa kuona jinsi maneno yaliyolala yatakavyoamka: nywa, meza, piga, panda, abiri, ketia, vua, paa, apa, pokea, shika, twaa. Kisha mwambieni aende nyumbani akamwulize nyanya yake jinsi yanavyosemwa kwa lugha yake, arudi na jibu. Atagundua kwamba lugha ya nyumbani si adui wa somo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nawataka mkichukie Kiingereza. Kisomeni mpaka mkimudu, na mmuulize mwalimu wenu kwa nini picha kwao 'huchukuliwa' na kwetu hupigwa. Atakayeweza kuieleza tofauti hiyo amezijua lugha mbili. Asiyeiona hana hata moja iliyokamilika.

Muuguzi yule, nilipomwonyesha pakiti, aliona haya, akafuta alichokuwa ameandika. Sikumlaumu, maana ni sisi tuliomfundisha. Alimletea mama kikombe cha maji na kumwambia, safari hii kwa Kiswahili kisicho na utata, "Cucu, hebu kunywa dawa yako."