Dawa za TB miezi sita: tumweleze mgonjwa sababu

Msimu wa kuvuna kahawa ukifika Mkumbi na vijiji vingine vya milima ya Mbinga, mgonjwa wa kifua kikuu aliyekwisha kumeza dawa kwa miezi miwili anaweza kuona hana haja ya kurudi kliniki. Homa imekwisha, kikohozi kimepungua, na mikono yake inahitajika shambani. Sisi wahudumu humwambia, "Maliza dozi." Agizo ni sahihi, lakini halitoshi. Mtu mzima anastahili kuelezwa sababu.

Sababu yenyewe iko katika namna kimelea kinavyogawanyika. Kimelea cha utumboni kiitwacho E. coli, kikipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Cha TB huchukua karibu siku nzima! Ndiyo maana kuotesha makohozi maabara huchukua wiki kadhaa. Na dawa kama isoniazidi hukiua kimelea kinapojenga ukuta wake ili kikue na kugawanyika. Kilicholala hakidhuriki sana.

Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa kimelea hiki Machi 24, 1882, alikuwa amekiona kwa kukipaka rangi, na hadubini za vituo vyetu bado hufanya kazi hivyo. Hadubini za kisasa hupiga picha kimelea kikiwa hai, saa baada ya saa. Kwa njia hiyo, mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba vimelea vya jamii hii havigawanyiki sawasawa. Hukua zaidi upande mmoja, na pacha wanaozaliwa hutofautiana kwa urefu, kwa kasi ya kukua, hata kwa kustahimili dawa.

Kwa hiyo mgonjwa anajisikia mzima kwa kuwa vimelea vingi vimekufa, si vyote. Miezi minne inayobaki ni ya kuvimaliza hivyo vikaidi. Akiacha, vinaweza kuongezeka tena, pengine vikiwa sugu, huku watoto wakilala chumba kimoja naye.

Maelezo haya hayahitaji mashine wala semina, ni dakika tano tu. Mkulima anayejua gugu lililobaki na mzizi hulifanya nini shambani atayaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Dawa zenyewe hutolewa bure. Na anayekwenda kuvuna mbali na nyumbani aseme mapema, apangiwe kuzichukua katika kituo cha karibu na shamba.