Tembea Mji Wako na Mtoto

Juma hili tuache kidogo mambo ya pesa za masomo. Nataka kuwasimulia safari yangu ya miguu.

Mtoto wa dada yangu, wa miaka 10, alifika kwangu kutoka Goma kwa sababu ya vita. Alikuwa hatoki kiwanjani. Jumamosi nikamwambia: leo tunatazama mji, kwa miguu, hakuna toleka.

Tulianzia hapa kwetu. Alitazama sana miti iliyosimikwa kwenye mawe, imefungwa kwa kamba za msitu, na vikapu vinaning'inia juu ya maji makali. Akauliza: "Mama mdogo, maji hayabebi miti?" Mimi mwalimu nikakosa jibu. Koko mmoja aliyekuwa anapanga samaki akamjibu: "Yanabeba. Tunasimika tena."

Nikamwambia haya ndiyo maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma, ndiyo maana meli za kutoka Kinshasa zinaishia Kisangani.

Tukafuata mto mpaka kanisa kuu, Notre-Dame du Rosaire. Tulipumzika kivulini, tukitazama mitumbwi inavuka kwenda Lubunga. Hapo akauliza: "Na huku watu walikimbia vita?"

Mara nyingi watoto wakiuliza hivyo tunawanyamazisha. Mimi nilimwambia kweli. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huu. Nilikuwa na umri kama wake, tulilala chini ya kitanda. Mwaka 2022 mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Akafikiri, akasema: "Kumbe mlisimika tena."

Sokoni tulikula lituma na samaki. Kurudi, miguu ilikataa, tukapanda toleka! Usiku aliwasimulia wenzake safari yote. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka kwa sauti.

Wamama, kila kikundi kichague Jumamosi moja. Mtoke mapema kabla ya jua kali, mbebe maji ya kunywa. Karibu na maporomoko mshike watoto mkono, mawe yanateleza. Mkitaka picha ya wavuvi, ombeni ruhusa kwanza. Na mtoto akiuliza, mjibuni. Usipojua, mpeleke kwa koko.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu